Zana za Karakana: za Ng'ambo na za Kwetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama Kikuu)



Sisi wa karakana tumetakiwa tuseme habari ya zana za mkono, kwa kuwa leo litaletwa mbele yenu shauri la kununua zana mpya, na maneno yamekwisha kuwa mengi. Wako wasemao kwamba kila cha ng'ambo ni bora. Wako wasemao kwamba fedha ya mkulima wa pamba isivuke bahari kwenda kununua nyundo. Sisi twaona kwamba zana haijulikani kwa nchi ilikotoka, bali kwa feleji yake na kwa namna ilivyopitishwa motoni.

Tuanze na spana, maana ndizo zilizotutesa. Sanduku moja la bei rahisi, la kutoka ng'ambo, lenye kung'aa kama fedha, lilinunuliwa katika duka moja mjini. Juu ya kila spana palikuwa na maandishi ya kromi na vanadi, yaani madini yachanganywayo na feleji ili iwe ngumu bila kuvunjika upesi. Maandishi yalikuwa mazuri kuliko chuma chenyewe. Msimu ulipokuwa umepamba moto, lori lilikwama njiani na marobota yake. Kijana wetu akaitia spana kwenye nati ya springi, akavuta, mdomo wa spana ukapanuka, mkono wake ukagonga fremu na kuchunika hadi mfupani. Nati nayo ilikwisha kuwa mviringo, hata ikabidi ikatwe kwa tindo. Na tindo iliyoikata ilikuwa kazi ya mhunzi wa hapa hapa, aliyeifua kwa springi kuukuu ya gari.

Jambo hilo lisitushangaze. Springi bapa za lori ni feleji njema, yenye kaboni yapata sehemu sita katika elfu, na mhunzi ajuaye kazi hupata humo tindo, senta panchi na mitaimbo ya kutumika miaka. Wala ujuzi huu si mgeni katika nchi: mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi Wahaya wa magharibi ya Ziwa Viktoria walivyoyeyusha feleji katika tanuru zao tangu kale sana.

Walakini tusiwasifu wahunzi wetu kupita kiasi. Kasoro yao twaijua: wengi huitia tindo nzima majini ikiwa nyekundu, wakaiacha hivyo. Tindo ya namna hiyo ni ngumu kama kigae. Nyundo ikigonga kichwa chake, vipande huruka, na jicho la fundi halina akiba. Ipasavyo, ncha peke yake ndiyo ipozwe, tena kwa mafuta, maana maji huweza kuipasua feleji ya springi. Kisha ncha isuguliwe hata ing'ae, na mhunzi atazame rangi zikitembea kutoka mwilini: kwanza manjano ya majani makavu, halafu hudhurungi, halafu zambarau. Zambarau ikifika makalini, karibu digrii 280, aipoze mara moja. Kichwa kiachwe laini. Mnunuzi naye achukue tupa: ikiuma kichwani na kuteleza makalini, alipe, ikiteleza pote, airudishe.

Spana ni habari nyingine. Hufuliwa kwa nyundo nzito za mashine ndani ya kalibu, na mdomo wake hutakiwa usizidi wala kupungua. Chombo hicho mhunzi wa mivukuto hana, na kumwagiza spana ni kumwonea. Tena karakana yetu ina vipimo viwili. Malori ya Kijapani hutumia milimita. Trekta kongwe za Massey Ferguson 135, zilizoanza kuundwa miaka ya 1960, hutumia inchi. Spana ya milimita 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na tofauti hiyo ndogo yatosha kula pembe zake. Ya 19 na ile ya robo tatu ya inchi zaweza kuazimana bila madhara. (Ile spana ya kurekebishwa mdomo, ambayo mafundi huiita kwa jina lisilofaa mbele ya mkutano wa heshima, haiponyi neno hili, huliongeza.)

Kwa hiyo twaomba spana, soketi na tupa ziagizwe kutoka kwa watengenezaji wenye sifa, seti moja ya milimita na moja ya inchi, hata kama bei ya seti moja itakuwa sawa na masanduku matatu ya kung'aa. Tindo, senta panchi na mitaimbo vifuliwe hapa, na fundi mkuu avipime kwa tupa kabla Mtunza Hazina hajatoa fedha. Mipini ya nyundo isiagizwe kabisa. Mpera na mgunga vyatosha, mradi mti ukaushwe kivulini na nyuzi zake zifuate urefu wa mpini.

Springi kuukuu zimelala nyuma ya ghala, na twaomba Bodi isiziuze kama chuma chakavu kabla wahunzi hawajaitwa kuzichagua.