Thamani ya ardhi irudi ilikozaliwa



Nimeombwa nizungumze juu ya uendelezaji wa maeneo ya miji yetu: kazi hiyo huendeshwaje, na fedha zake hutoka wapi. Nitachukua mifano mingi katika mwambao huu wetu, tangu Tegeta hadi Bagamoyo, kwa sababu hapa jambo lenyewe laonekana kwa macho.

Tuanze na msingi. Kiwanja hakipandi bei kwa sababu mwenye nacho amekizungushia ua. Hupanda bei kwa sababu umma umepeleka barabara, maji, umeme, shule na zahanati. Barabara ya Mwenge hadi Tegeta, kilometa 12.9, ilipanuliwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 2014. Lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64, nayo ikauunganisha mwambao na njia kuu ya kaskazini. Ardhi ya Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga ikawa ardhi ya kugombaniwa. Mkulima wa minazi aliyekwisha kuuza shamba lake hakuambulia kitu katika ongezeko hilo. Mlanguzi aliyenunua mapema akaliacha pori alipata faida bila ya kutokwa na jasho.

Sheria yetu yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo ni haki kuuliza: thamani iliyozaliwa na kazi ya umma, umma utaipataje sehemu yake, ili iendeleze eneo lile lile lililoizaa?

Wenzetu wa jimbo la California, Marekani, walijaribu kujibu swali hilo. Sheria ya mwaka 1945 iliruhusu miji iunde wakala za kuendeleza upya maeneo yaliyochakaa, na tangu mwaka 1952 wakala hizo zilipata njia yao ya fedha. Eneo lilichorewa mipaka, na kodi ya majengo iliyokuwa ikipatikana hapo ikaandikwa. Tuseme mtaa ulikuwa ukitoa milioni 10 kwa mwaka. Milioni 10 hizo ziliendelea kugawanywa kama zamani: shule fungu lake, wilaya fungu lake, mji fungu lake. Baadaye mtaa ukiinuka na kutoa milioni 16, zile 6 zilizoongezeka ziliingia katika mfuko wa eneo, zikalipa madeni ya barabara, mabomba na nyumba zilizoleta maendeleo hayo.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ilikuwa na dosari mbili. Wakala zilifikia takriban 400, na baadhi yao zilichora mipaka hata katika maeneo ambayo hayakuchakaa, maadamu mipaka ilileta fedha. Tena, kila fungu lililoingia katika mfuko wa eneo lilikuwa limetoka mahali fulani, na shule zilikuwa miongoni mwa waliopungukiwa, hata ikalazimu hazina ya jimbo kuzifidia. Mwaka 2011, jimbo lilipobanwa na upungufu wa bajeti, lilipitisha sheria ya kuzivunja, na Februari 2012 zikafikia mwisho. Walimu mlio hapa mtaliona fundisho lake: mfuko wa eneo usijengwe kwa kumnyang'anya mtoto dawati.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1974 Serikali ilianza mpango wa viwanja vyenye huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vipya vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango, kama Manzese, ikapelekewa barabara na maji. Gharama zilitarajiwa kurudi kwa kodi ya ardhi na ada ya huduma kutoka kwa wakazi. Zilirudi kidogo mno. Baada ya mabadiliko ya madaraka ya mwaka 1972, halmashauri za miji zilikuwa zimefutwa, nazo zikarudishwa mwaka 1978. Kwa miaka hiyo hapakuwa na chombo cha mji chenye daftari la kumjua nani anadaiwa nini, wala chenye mkono wa kutengeneza bomba lililopasuka ili mlipaji aone sababu ya kulipa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mfano wa pili ni Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2002. Hazina iliikopesha Wizara ya Ardhi shilingi bilioni 8.9. Kwa fedha hizo wenye mashamba walilipwa fidia, ardhi ikapimwa, na barabara za udongo zikachongwa katika maeneo kama Mbweni, Bunju, Mivumoni na Kibada. Viwanja vikauzwa kwa bei ya kurudisha gharama, mkopo ukalipwa, na idadi ya viwanja ikapita ile iliyokusudiwa. Ndiyo kusema ardhi iliyopangwa yaweza kujilipia upangaji wake. Serikali ikaufuata mkondo huo katika programu ya kupanga, kupima na kumilikisha, na katika mwaka wa fedha 2021/22 ilitenga shilingi bilioni 50 za kuzikopesha halmashauri bila riba. Halmashauri inayochelewa kurejesha mkopo wa namna hiyo huzuia zamu ya mwenzake.

Hata hivyo, tusiufiche upande wa pili wa mradi wa mwaka 2002. Mabomba na umeme vilichelewa kufika katika viwanja vingi. Wenye uwezo walinunua na kungoja bei ipande, na wenyeji wengi waliopokea fidia hawakuweza kununua hata kiwanja kimoja katika ardhi waliyokuwa wakiilima. Fedha zilirudi, lakini mwenyeji hakurudi.

Tuutazame mji wetu wa Bagamoyo. Mji huu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, na kabla ya hapo ulikuwa kituo cha misafara ya pembe na ya watumwa kutoka bara. Tangu mwaka 2006 njia hiyo ya misafara imo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini kuwekwa katika orodha hakuezeki paa. Zanzibar ina mamlaka maalumu ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mji huo uliingia katika urithi wa dunia mwaka 2000. Hata hivyo, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Mipaka na heshima havitoshi pasipo fedha za matengenezo za kila mwaka.

Je, fedha hizo Bagamoyo zaweza kutoka wapi? Mapato yanayozaliwa na mji hupita katika mifereji mingi. Kodi ya pango la ardhi huenda Serikali Kuu. Kodi ya majengo ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 ilianza kukatwa katika malipo ya umeme. Barabara za mitaa zi chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Halmashauri hubaki na ushuru na leseni, na katika mapato hayo ya ndani yamo mafungu yaliyokwisha kupangwa, likiwemo la asilimia 10 la mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kila mfereji una sababu yake. Lakini mwananchi anayelipa kote huko hawezi kuona ni kiasi gani kilichorudi mtaani kwake.

Hapo kusini yetu pana somo jingine. Mkataba wa awali wa bandari ya Mbegani na ukanda wake wa viwanda ulitiwa saini mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa mwaka 2015, mradi ukasimama mwaka 2019 kwa sababu ya masharti yake, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza kuufufua. Katika miaka hiyo yote vijiji vya jirani viliishi katika kungoja. Mtu aliyeambiwa kwamba ardhi yake yatakiwa hapandi mnazi wala hajengi nyumba ya kudumu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yadai fidia kamili, ya haki, na inayolipwa haraka. Neno hilo la mwisho lina uzito sawa na yale mawili ya kwanza, kwa maana fidia iliyochelewa hununua kiwanja kidogo kila mwaka unaopita.

Ndugu zangu, natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila eneo litakaloendelezwa liwe na mipaka inayojulikana na daftari lake, linaloonyesha thamani ilivyokuwa mwanzo, ilivyo leo, na kilichokusanywa kati ya siku hizo mbili. Pili, sehemu ya ongezeko, siyo lote, irudi katika mfuko wa eneo hilo, na fungu la shule na zahanati lisiguswe. Tatu, mwenyeji awe mshirika: apewe nafasi ya kupata kiwanja katika ardhi yake ya zamani kabla ya mgeni, pamoja na fidia yake.

Nanyi mnayo kazi katika jambo hili. Watumishi wa umma ndio wanaoandika madaftari hayo. Wayaandike kwa lugha anayoielewa mvuvi wa Dunda. Walimu ndio wanaofundisha hesabu. Wawafundishe vijana hesabu ya mtaa wao wenyewe, ili mkutano wa wananchi unaposomewa mapato na matumizi, asikosekane wa kunyanyuka na kuuliza. Thamani ya ardhi ya mwambao huu itaendelea kupanda, tupende tusipende. Lililo katika uwezo wetu ni kuamua kama itapanda pamoja na watu wake, au juu ya migongo yao.