Mashua Kuukuu na Taabu za Mnunuzi



Jambo nitakalozungumza nanyi leo ni dogo machoni pa mtu wa bara, lakini kwa wenzetu wa pwani, na kwa hao wakaao kandokando ya Ziwa Viktoria, ni jambo liwezalo kuinua nyumba au kuiangusha. Ni habari ya kununua chombo kilichokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kikiwa mashua, dau, ngalawa au mtumbwi wa mbao. Mtu anunuapo ng'ombe humpapasa, humtazama meno na kwato, na kumwona akitembea. Anunuapo baiskeli kuukuu huipanda akazunguka nayo uwanjani. Lakini anunuapo mashua, ile sehemu yenye maana kuliko zote imo majini, haionekani. Na mwenye kuuza hana haraka ya kuionyesha.

Huenda mtu akauliza: Mbona watu hawa wasiunde vyombo vipya? Jibu ni fedha. Mbao nzuri za mvule na mbambakofi zimekuwa adimu na ghali. Mafundi wa kuunda vyombo, mfano wa wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, hawapatikani kila kijiji. Na kazi yenyewe ni ya miezi. Kijana atakaye kuanza uvuvi, au watu wanne watano waliochanga akiba yao, mara nyingi hawana la kufanya ila kutafuta chombo cha mtu aliyechoka na bahari, au cha marehemu. Wala sisemi kwamba wanakosea. Mashua iliyotunzwa vema hudumu miaka mingi, na iko mizee ifaayo kuliko mipya iliyoundwa kwa haraka na mbao mbichi. Nasema tu kwamba bei itajwayo ufuoni siyo bei ya mashua. Hiyo ni kiingilio.

Taabu ya kwanza ni majira. Wakati wa kusi, bahari ichafukapo, vyombo vidogo vingi hukaa bure, wenyewe hupungukiwa na fedha, na bei hushuka. Mnunuzi hufurahi. Lakini ni wakati uo huo ambao hawezi kukipeleka chombo nje ya mwamba akakijaribu kwa tanga. Akingoja kaskazi ili akijaribu, akuta bei imepanda, na mwenye chombo amekwisha kukumbuka kwamba hakutaka kukiuza. Hapo hapana dawa niijuayo. Mtu hana budi kuchagua hasara moja kati ya mbili.

Taabu ya pili ni maji yenyewe, kupwa na kujaa. Ili kuona tumbo la mashua, lazima ilazwe mchangani, na hilo lataka maji ya bamvua, ambayo huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Katika siku hizo bahari ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na chombo kikiletwa pwani maji yajaapo, hubaki pakavu saa kadhaa, mtu akakizunguka pande zote. Wakati wa maji mafu haiwezekani. Basi nitawapa mfano mmoja.

Watu wanne wa kijiji kimoja cha pwani ya kusini walipata habari ya mashua iliyokuwa ikiuzwa katika hori moja upande wa kaskazini wa Mombasa. Walifunga safari, wakaikuta imetia nanga, imepakwa rangi nyeupe na kijani, yapendeza. Mwenyewe, mtu mzima mwenye maneno mazuri, aliwapeleka kwa mtumbwi, wakaingia, wakatazama mlingoti na foromali, wakakuta ngama kavu kabisa. Mmoja wao akamwambia, "Baba, twaomba ilazwe tuione chini." Mzee akajibu, "Wanangu, maji ni mafu wiki hii. Hata nikitaka, hailali." Na neno lake lilikuwa kweli. Wakasema wangerudi siku ya bamvua. Akasema hapana neno, ila yuko mtu wa Malindi ajaye kesho na fedha mkononi.

Wale watu walikuwa wamekwisha kutoa nauli ya watu wanne, na kupoteza siku mbili za kazi. Mtu wa Malindi hawakumwona, wala sidhani kuna amjuaye. Walilipa.

Bamvua ilipokuja, mashua imekwisha kufika kwao, wakailaza na kumwita fundi mmoja mzee. Alikuja na nyundo ndogo na kisu, basi. Akagonga ubao mmoja mmoja tokea gubeti hata shetri, akisikiliza. Ubao mzima hulia. Ubao ulioliwa hunyamaza. Karibu na mkuku akasimama, akachomeka kisu, nacho kikaingia hata mpini. Akawatazama akasema, "Wanangu, mmenunua rangi." Mmoja wa wale wanne alikuwa ameuza mbuzi wa mkewe ili kutimiza fungu lake, na mke huyo hakuulizwa. Nawaachia ninyi kufikiri mazungumzo ya jioni ile.

Yafaa nieleze kilichouharibu ubao ule, maana watu wengi wamesikia habari zake bila kumwona. Ni mdudu wa baharini mwenye umbo la mnyoo, lakini kwa hakika ni jamaa ya kombe na chaza. Huingia katika ubao angali mdogo mno, kwa tundu lililo kama kichwa cha pini, kisha hukua humo ndani akichimba njia kufuata nyuzi za mti. Kwa nje ubao waonekana mzima. Kwa ndani umekuwa kama sega la nyuki. Wazee walimjua adui huyu, nao walikuwa na desturi ya kupandisha chombo, kukikwangua, kukipitishia moto wa makuti chini ya tumbo, kisha kukipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena maisha yote ya chombo. Mtu aliyekwisha kuamua kuuza huiacha. Hununua kopo la rangi, kwani rangi yaonekana na deheni haionekani.

Tena kuna misumari. Msumari wa chuma ukila kutu, mbao zinazouzunguka hugeuka nyeusi na kulegea, hata mtu aweza kuung'oa kwa vidole. Ubao mmoja mbovu hubadilishwa. Lakini misumari ikiwa imechoka yote pamoja, chombo kizima kimefunguka, ijapokuwa bado kina sura ya chombo. Mataruma nayo yatazamwe kwa ndani, hasa pale chini ambapo maji ya ngama hukaa. Wauzaji wengine huweka mizigo, nyavu na matanga makuukuu juu ya mahali papo hapo. Iondoeni mizigo hiyo, hata kama mwenyewe atanuna.

Sasa nafika kwenye jambo gumu kuliko yote, kwa kuwa hapa kweli na uongo huvaa kanzu moja. Mashua iliyokaa juu ya nchi kavu muda mrefu hukauka, mbao zake hunywea, na siku ya kuishusha huvuja kama kapu. Muuzaji husema, "Zimekauka tu, zitavimba." Na mara nyingi asema kweli! Baada ya siku mbili tatu mbao hunywa maji, nyufa hufunga, na kuvuja hupungua. Lakini mashua iliyooza huvuja vivyo hivyo, na maneno ya mwenyewe ni yale yale. Kwa kutazama tu hapana awezaye kuzitenga. Lililopo ni kuiacha majini siku tatu na kupima maji ya ngama kila asubuhi kwa kijiti. Yakipungua siku hata siku, vema. Yakizidi, rudini nyumbani. Tena mmoja wenu na alale humo chomboni, kwa sababu nimesikia zaidi ya mara moja habari za kijana aliyetumwa alfajiri na upo wake kukumba maji kabla wanunuzi hawajaamka. Ile ngama kavu ya wale watu wanne sijui ilikaushwa na nani, lakini haikujikausha.

Wavuvi wa Ziwa Viktoria watasema kwamba hayo ya mdudu hayawahusu, nao wana haki, kwani mdudu huyo hakai katika maji yao baridi. Lakini kuoza kupo, kutu ipo, na kwao kuna hila nyingine. Nyufa hufunikwa kwa vipande vya bati vilivyopigiliwa misumari. Bati likiwa moja au mawili, hiyo ni matengenezo ya kawaida. Yakiwa mengi hata hamwoni ubao, ombeni lifunguliwe moja, mlichague ninyi wenyewe.

Kwa habari ya injini nitasema machache. Injini ya kufungwa nyuma, iliyotumika katika maji ya chumvi bila kusuuzwa kwa maji baridi, huliwa ndani hali nje inang'aa. Iwashwe ikiwa baridi, si baada ya mwenyewe kuipasha moto kabla hamjafika. Tazameni mkojo wake, yaani ule uzi wa maji utokao upande: ukiwa hafifu au ukikatika, njia za maji zimeziba au pampu imechoka. Kisha ifunguliwe oili ya chini, karibu na rafadha. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia kwenye gia. Tanga nalo lijaribiwe kwa kidole gumba juani. Tanga lililoungua kwa jua huchanika bila sauti kubwa.

Wala msidhani kwamba wapatao hasara hizi ni wavuvi maskini peke yao. Meli iitwayo Spice Islander iliundwa mwaka 1967, ikatumika kule Ugiriki, kisha ikauzwa na kuletwa huku kwetu ikiwa imekwisha kuwa na umri wa miaka 40. Ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, nayo ilikuwa imepakia watu wengi mno kupita idhini yake. Chini ya mwaka mmoja baadaye, tarehe 18 Julai, 2012, ikazama Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Hiyo iliundwa mwaka 1989 huko Marekani, ikavusha watu katika maji ya jimbo la Washington, ambayo yamezungukwa na nchi na visiwa, kisha ikauzwa mwaka 2011. Katika maji yale ilifanya kazi yake miaka mingi. Mwezi wa Julai katika mkondo wa Unguja ni kusi tupu, na mawimbi yake si ya ghuba. Mnunuzi wa mashua na aulize vilevile: chombo hiki kilikuwa kikifanya kazi wapi? Mashua iliyozeeka ndani ya hori, ikichukua mchanga na boriti, haijasema lolote juu ya nguvu zake nje ya mwamba, na watakaopanda ni wanawe mnunuzi na jirani zake.

Limebaki jambo la karatasi, ambalo wengi hulidharau mpaka siku ya ugomvi. Mashua nyingi ziuzwazo ni za urithi. Mtoto mmoja wa marehemu huuza, akala fedha, na mwezi wa pili watokea dada zake wawili kutoka Mombasa na hati ya Kadhi, nao wana haki kabisa. Ulizeni warithi ni wangapi, na wote watie sahihi au kidole gumba. Chombo cha uvuvi katika Kenya hutakiwa kuandikishwa serikalini. Tazameni kama namba iliyopakwa ubavuni ndiyo iliyomo katika cheti, na kama jina lililomo ni la huyo auzaye au la mtu wa tatu asiyejulikana aliko. Nendeni kwa viongozi wa kile kikundi cha usimamizi wa ufuo ambacho wavuvi hukiita BMU, muulize kama chombo kina deni au kesi. Wao hujua, na mara nyingi hujua pia kwa nini kinauzwa.

Fedha zisitolewe zote siku moja. Wale watu wanne, walipokwenda kununua mbao tatu za kutengeneza mashua yao, mwenye mbao aliwaandikia karatasi ya mistari sita kwa vitu vya shilingi chache, lakini kwa mashua nzima hawakuandikiwa hata mstari mmoja. Andikeni tarehe, bei, urefu wa chombo, namba yake, namba ya injini, na vitu viendavyo pamoja nacho: nanga, kamba, matanga, makasia. Toeni sehemu mbele ya mashahidi, na sehemu iliyobaki ilipwe baada ya chombo kulazwa bamvua ya kwanza na fundi wenu, si fundi wa muuzaji, kupita na nyundo yake. Ujira wa fundi kwa asubuhi moja ni mdogo kuliko bei ya ubao mmoja wa mvule.