Klachi Mpya, Flaiwili Ile Ile

Anayetaka kujua kazi ya klachi na apande Mbulu. Kutoka bonde la Ziwa Manyara, kiasi cha mita 960 juu ya usawa wa bahari, barabara inaukwea ukuta wa Bonde la Ufa kupitia Magara hadi mahali panapozidi mita 1,600. Anayepitia Dareda naye ana mlima wake. Gari lililosheheni saruji na mabati hupanda kwa gia kubwa tu, na dereva akisimama kumpisha mwenzake hulishikilia gari kwa klachi badala ya kuvuta breki ya mkono. Hapo ndipo harufu ya kuungua inapoanza.

Klachi ikishakwisha, iwe Mbulu au Katesh, matengenezo mara nyingi hufanyika nyumbani, uani, chini ya mti. Siwalaumu wenye magari. Kulivuta gari hadi Arusha ni gharama, na mafundi wapo. Hanang ni wilaya iliyokuwa na mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, Basotu na kwingineko, yaliyoendelezwa kwa msaada wa Canada tangu miaka ya 1970. Spana si kitu kigeni huko. Yuko fundi atakayeitoa giaboksi ya Land Rover ya zamani kwa juu, kupitia ndani ya gari, akishang'oa viti na sakafu, wakati fundi wa mjini bado anachungulia chini.

Ninalolilalamikia mimi ni flaiwili, lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini. Klachi pleti hubanwa kati yake na presha pleti. Ndipo nguvu ya injini inapopita kwenda kwenye giaboksi. Kwa hiyo klachi inapoteleza na kuungua mlimani, flaiwili nayo huungua. Uso wake hupata mabaka ya bluu, nyufa nyembamba kama unywele, pengine mifereji.

Sasa mwenye gari amenunua pleti mpya. Fundi anamwambia flaiwili ipelekwe mjini ikakerezwe. Mwenye gari anauliza: "Si chuma hicho? Kinaisha?" Flaiwili inapigwa msasa kidogo, giaboksi inarudishwa. Haupiti muda, klachi inatetemeka wakati wa kuondoka, kisha inateleza, na lawama zote wanabebeshwa wauza vipuri bandia. Vipuri bandia vipo, wala sivitetei. Lakini hata pleti halisi haiwezi kushika vizuri juu ya uso uliopinda.

Msasa unatosha pale uso ulipong'aa tu. Kama kuna mifereji au mabaka, ikerezwe. Kama nyufa zimezama, inunuliwe nyingine. Kabla ya kuifungua itiwe alama, irudi pale pale ilipokuwa. Oili sili ya nyuma ya injini itazamwe wakati huo huo, maana tone la oili likiifikia pleti mpya, fedha imepotea. Na wenye magari ya siku hizi wajihadhari: baadhi yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Hiyo haikerezwi kama ile ya kawaida, ikilegea hubadilishwa.

Lipo jingine zito zaidi. Giaboksi ya gari kubwa ni mzigo wa watu wawili au watatu, na anayelala chini yake mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, hana mshahara, hana bima. Juu yake gari limesimama kwa jeki moja na matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Jeki ya mafuta ikivuja hushuka. Uani kwenyewe kuna mteremko, kwa kuwa huko kila uwanja una mteremko wake. Magogo mapana ya mti mgumu yapo, na magurudumu yaliyobaki chini yanaweza kuzuiwa mbele na nyuma. Fundi mwenye haraka ya kumridhisha tajiri wake hataki kuyatafuta. Mwenye gari ndiye anayeweza kusema hakuna mtu kuingia chini mpaka magogo yawekwe.

Tena gari likishakaa salama juu ya magogo, linaweza kusubiri siku mbili au tatu, flaiwili iende mjini kwa basi na kurudi.