Sisi wa Juu Tunaoishi Chini



Wengi wetu tuliteremka hapa Same kutoka Mbaga, Gonja na Vudee. Kule tuliacha ndiva za kumwagilia na msaragambo wa kuzibua mifereji. Hapa tukanunua maji kwa ndoo, majirani Wamasai, Wachaga na Wasambaa. Tukazoea. Ila tukipanda nyumbani tunaitwa watu wa mjini, na bibi akiwasalimia wajukuu kwa Chasu wanamjibu Kiswahili. Inauma, jamani!

Na mtu akifa? Anazikwa huko juu. Gari la kupandisha maiti ni ghali, ndiyo maana mfuko wa msiba tuliuanzisha kabla ya ule wa mikopo. Waume walicheka, eti tunaweka akiba ya kufa. Siku hizi wao ndio wanaouliza mfuko una shilingi ngapi.