Donge la Damu Ndani ya Moyo: Tunamtafiti Mgonjwa Yupi?

Anayechunguza damu inayoganda ndani ya moyo huanzia kwa Rudolf Virchow, tabibu wa Kijerumani wa karne ya 19, ambaye jina lake limebaki kwenye masharti matatu: damu kutuama, ukuta unaoipitisha kujeruhika, na damu yenyewe kuwa nyepesi kuganda. Masharti hayo hayana ubishi. Hoja yangu ni kwamba mioyo haiyatimizi kwa namna moja, na utafiti ulichelewa mno kulizingatia hilo.

Katika chumba cha juu cha kushoto cha moyo kuna kifuko kidogo chenye kona nyingi. Chumba kikianza kupapatika badala ya kukamua, damu hutuama humo. Mwaka 1996, Blackshear na Odell walijumlisha tafiti zilizokuwapo. Kwa wagonjwa wa mpapatiko wasio na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, asilimia 91 ya madonge yalikuwa kwenye kifuko hicho. Kwa wenye vali hizo, ni asilimia 57 tu. Vali ya mitrali, iliyo mlangoni mwa chumba hicho, ikisinyaa huzuia damu isishuke, chumba kizima hutanuka, na donge hujishika popote. Kifaa cha kuziba kifuko, ambacho huko Ulaya na Marekani kina soko kubwa, hakiwezi kuwa jibu kwa mgonjwa huyu.

Tofauti hiyo ilikuwa imekwisha kuonekana. Mwaka 1978 watafiti wa Framingham, Marekani, walionyesha kuwa mpapatiko peke yake huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5. Ukiungana na vali iliyoharibiwa na baridi yabisi, mara 17. Hata hivyo, katika majaribio ya dawa mpya za kuzuia damu kuganda yaliyochapishwa kati ya 2009 na 2011, wenye mitrali iliyosinyaa sana waliachwa nje. Aliye hatarini zaidi ndiye aliyefungiwa mlango.

Jibu lilikuja 2022, kupitia jaribio la INVICTUS lililofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50 hivi, na zaidi ya 7 kati ya kila 10 walikuwa wanawake. Wengi walitarajia kuwa rivaroksabani, mojawapo ya dawa hizo mpya, ingelingana na dawa za zamani za jamii ya warfarini, kama si kuzishinda. Ikashindwa: waliotumia dawa za zamani walikufa wachache zaidi, wala hawakuvuja damu zaidi.

Hapa ndipo penye kitendawili ninachotaka tukijadili. Pengo kubwa la vifo halikutokana na kiharusi. Lilitokana na vifo vya ghafla na moyo kushindwa kusukuma damu. Je, ni dawa, au ni yale mahudhurio ya kila mwezi ya kupima INR (kipimo cha kuganda kwa damu kwa watumiaji wa warfarini), ambapo mgonjwa huonwa na muuguzi, akapimwa presha, akaulizwa kama miguu imevimba? Waandishi wa jaribio hawakuridhika na maelezo hayo ya pili. Mimi siyatupi, kwa sababu kliniki ya warfarini mara nyingi ndiyo kliniki pekee ya moyo aliyo nayo mgonjwa.

Tatizo jingine ni la kipimo. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ya kawaida, inayopita kifuani, haikioni kifuko vizuri. Inabidi kifaa kishushwe kwenye umio, na si kila hospitali inacho. Kwa hiyo faili linaloandikwa "hakuna donge" mara nyingi lina maana ya "halikuonekana". Utafiti unaokusanya mafaili ya namna hiyo bila kutaja eko ipi ilitumika hauna thamani.

Ninapendekeza utafiti mmoja wenye makundi mawili, wote wakitumia warfarini: kundi moja lipimwe INR tu, jingine lipimwe na kuhudumiwa kikamilifu na muuguzi wa moyo, eko ya umio ifanywe mwanzoni na baada ya miezi 6, na vifo vyote vihesabiwe, si viharusi peke yake.