Mikono ya Mara ya Pili

Somo: Marko 8:22–25

Nitasema polepole. Kuna maneno ambayo ulimi wangu bado unayatafuta. Munivumilie.

Wengi munanijua: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, tena shemasi. Asubuhi moja, giza likiwa bado, nilitaka kushuka kitandani niende kukamua. Mguu wa kuume haukunipokea. Nikaanguka kama mfuko wa viazi. Nilitaka kumwita mama watoto, kinywani ikatoka sauti tu isiyo na neno. Akawasha tochi ya simu, akaona mdomo wangu umekwenda upande mmoja na mate yanatiririka. Ilikuwa kiharusi, ugonjwa ambao waganga wetu wanauita AVC.

Sasa nikiri jambo mbele yenu. Miezi michache mbele ya siku ile, muganga alikuwa amenipima akakuta tansio 18 juu ya 11. Alinipa vidonge, akaniambia nimeze kila siku bila kuacha. Nilimeza mwezi mmoja. Kichwa hakikuuma, kizunguzungu hakikuwepo, nikajiona mzima. Nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba Mungu ameniponya na vidonge nimevitupa. Watu wakapiga makofi. Wapendwa, hakuna aliyenituma kusema vile. Sikurudi hata kupimwa ili nijue kama ni kweli. Tansio haina kelele. Inaweza kupanda bila mahali popote kuuma, inachosha mishipa ya damu, mpaka siku mshipa wa ubongo unaziba au unapasuka.

Asubuhi ile nyumba ilijaa watu. Mmoja alisema nimerogwa kwa ajili ya shamba. Mwingine alisema ni pepo, nilazwe ndani, watu wafunge na kuomba siku tatu. Mama watoto alikuwa analia, lakini alisema neno moja: “Tutaomba njiani.” Vijana wanne wakanipakia kwenye tipoyi, wakateremka na matope yale hadi kituo cha afya. Kutoka hapo tukatafutiwa gari la kwenda Sake, kisha Goma. Mukumbuke wale wanne wa Marko 2. Imani yao ilionekana mabegani. Walimbeba mwenzao, na mlango ulipojaa watu wakatoboa paa.

Huko Goma walikuta damu imeziba upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kuume, na kwa watu wengi ndio unaoshika maneno. Docta alieleza kwamba iko dawa ya kuyeyusha donge la damu, katika hospitali zenye vifaa, lakini inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu ugonjwa kuanza. Sisi tulifika jua limekwisha kuzama.

Nilirudi nyumbani mtu mwingine. Nikitaka kusema “maji”, kinywa kinasema “kiti”. Mke wangu alinilisha kwa kijiko kama mtoto. Nililia ovyo, hata watu wakicheka. Kanisa likaja, likanipaka mafuta, likaomba. Niliinua kichwa nikingoja kusimama, sikusimama. Ndipo nikasikia minong'ono: huenda ana dhambi aliyoificha. Nikaacha kwenda ibadani. Nilisema moyoni, heri ningekufa.

Siku moja mchungaji alikuja, akakaa kwenye kigoda, akanisomea habari ya kipofu wa Betsaida. Yesu alimwekea mikono, akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu alijibu ukweli: watu anawaona, lakini wanafanana na miti inayotembea. Hakuogopa kumwaibisha Yesu. Na Yesu hakumkemea kwamba imani yake ni ndogo. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona vizuri.

Neno hilo lilinichoma. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikasema naona vizuri, kumbe nilikuwa naona miti! Siku ile nilimwambia Bwana ukweli, kwa maneno yaliyovunjika: “Bado.” Nikaanza kutambua mikono ya mara ya pili. Mke wangu alinikunja na kunikunjua vidole asubuhi na jioni, jinsi tulivyofundishwa hospitalini. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walikuja na vitabu vyao, wakanisomesha ba, be, bi, bo, bu, mimi niliyewasomesha! Docta alikuwa ametuambia kwamba sehemu ya ubongo iliyo nzima inaweza kujifunza kazi ya ile iliyoharibika, lakini kwa kurudiarudia. Mwezi wa nne nilitembea na fimbo hadi kanisani. Leo nasimama mbele ya ubao tena. Mkono wa kuume bado umejikunja, kwa hiyo naandika chaki kwa kushoto. Bado, wapendwa. Lakini sisemi tena uongo ili Mungu atukuzwe.

Basi, musikie mambo haya. Mdomo ukienda upande, mkono ukianguka wenyewe, maneno yakipotea ghafula, musingoje kesho. Muangalie saa, mumlaze kwa ubavu, musimpe chakula wala dawa ya kunywa kwa sababu inaweza kumkaba, na mumpeleke. Mgonjwa akirudi nyumbani, musimvute kwa mkono uliolegea, bega litateguka. Musimkande na maji ya moto sana upande usiosikia, ataungua bila kujua. Mupimwe tansio, hasa ninyi wenye miaka 40 na zaidi. Mupunguze chumvi: kwa mtu mzima, kijiko kidogo kimoja kwa siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya chakula. Na vidonge, asiache mtu mpaka muganga amempima na kumwambia aache.

Na kwa kanisa: Paulo alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, wala hakuandika kwamba Trofimo alikosa imani. Mgonjwa asipoinuka leo, musimhukumu. Mumrudie kesho, mumshike mkono.

Tuombe. Baba, kuna mtu analala sasa akitazama ukuta, amechoka kungoja. Umpe ujasiri wa kukuambia “bado”. Umletee watu wanne wa kumbeba na mikono ya kumshika. Sisi tulio wazima, utuondolee maneno ya kuumiza, utupe mabega. Katika jina la Yesu. Amina.