Heshima Kazini Inazaa Kazi Nzuri



Sisi makarani wa mgodi tunaandika kila siku katika kitabu: nani amekuja, nani amekosa, tani ngapi zimetoka. Lakini matusi hayana mstari wake katika kitabu kile. Mtu aliyetukanwa asubuhi mbele ya wenzake anaandikwa kuwa amefanya kazi siku nzima. Kumbe mikono tu ilikuwako. Moyo ulikwisha kurudi nyumbani.

Wakubwa wengine wanasema: Mvivu ni mvivu tu. Tuwajibu kwa habari za Katanga yenyewe. Zamani Union Minière ilileta watu kutoka mbali kwa mkataba mfupi, wengi bila wake zao. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka, na kila mara ilibidi kufundisha wageni. Tangu mwaka 1928 kampani ikaanza kutoa mkataba wa miaka 3, na mtu akakaa kambini pamoja na mke na watoto. Vifo vilipungua, kutoroka kulipungua, watu wakapata kuijua kazi. Je, uvivu ulikwenda wapi?  Kilichobadilika ni maisha yao.

Lakini nyumba na posho havitoshi. Wakati wa vita kampani ilitaka shaba nyingi zaidi, bei za sokoni zilipanda, na mfanya kazi hakuwa na mahali pa kusema neno lake. Desemba 1941 watu waliacha kazi wakidai mshahara. Tarehe 9, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira. Makumi ya watu walikufa. Shauri lisilosikilizwa huishia pabaya.

Ninyi wakubwa wa kazi, jueni kwamba mgodini hofu ni hatari. Mtu anayeogopa kutukanwa ataona ufa katika jiwe juu ya kichwa, naye atanyamaza. Jiwe haliulizi nani mkubwa, nani mdogo. Anayesikilizwa atasema mapema, na wote watarudi kwao.

Nasi wenyewe, tusimcheke mgeni asiyejua kazi, tumwonyeshe. Mwenzetu akitukanwa, tusigeuze uso. Tuchague wajumbe wasemao kweli, tuwape mashauri yetu tukiwa pamoja. Heshima itangulie, na tani zitafuata.